Riba, dhamana na uongozi: jibu kwa mweka hazina wa kikundi cha waumini

Swali kwa ufupi: Msomaji wetu ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa kilichoanzishwa na waumini wa usharika mmoja. Kikundi hutoza riba ya asilimia 2 kwa mwezi juu ya mkopo wote wa mwanzo, na mikopo hulipwa kwa miezi kumi. Anayechelewesha marejesho hutozwa faini ya asilimia 10 ya deni kila mwezi, na faini isiyolipwa huongezwa kwenye deni. Mwisho wa mwaka riba na faini hugawanywa kwa wanachama kulingana na hisa zao. Hivi karibuni kamati ilichukua cherehani ya mwanachama mmoja, mjane anayeishi kwa kushona, baada ya kushindwa kulipa kwa miezi kadhaa. Baadhi ya wanachama sasa wanasema riba yote ni dhambi. Mwenyekiti anawajibu kwamba mfano wa talanta unairuhusu, na kwamba fedha za kikundi huongozwa na katiba yake, si na mahubiri. Wajumbe wa kamati, kwa desturi, hukopa bila kungoja zamu. Msomaji anauliza kama kikundi kinatenda dhambi, afanye nini akiwa kiongozi, na kama ajiondoe.

Dada yangu katika Kristo,

Nianze na jibu lenyewe, kisha nieleze sababu zake. Kikundi cha waumini kinaweza kutoza kiasi fulani juu ya mkopo bila kutenda dhambi, kwa masharti nitakayoyaeleza. Faini yenu inayozaa faini haiwezi kutetewa kwa Maandiko wala kwa mapokeo ya kanisa. Na cherehani irudishwe kwa mwenyewe wiki hii, kabla ya kikao chochote cha kujadili mengine, kwa sababu katika hilo hakuna cha kujadili.

Wanachama wanaosema kwamba riba yote ni dhambi hawakuliokota neno hilo njiani. Torati inaizungumzia riba mahali patatu, na inafaa vifungu hivyo visomwe pamoja. Kutoka 22:25 inakataza kumtoza riba mtu wa taifa la Mungu aliye maskini. Walawi 25:35-37 inamtazama ndugu aliyeishiwa, ikiagiza ategemezwe ili aendelee kuishi kati ya wenzake, asitozwe riba ya fedha wala nyongeza ya chakula. Kumbukumbu la Torati 23:19-20 inalipanua katazo hilo kwa ndugu yeyote, bila kutaja umaskini, ila inaruhusu kumtoza mgeni. Ruhusa hiyo ya mwisho imewasumbua wafafanuzi kwa karne nyingi. Maelezo ninayoyaona kuwa na nguvu zaidi ni kwamba anayetajwa pale ni mgeni apitaye, ambaye kwa kawaida alikuwa mfanyabiashara aliyekopa ili azungushe mtaji, kwa maana mgeni mkaazi aliye mnyonge Torati inamlinda mahali pengi pamoja na yatima na mjane.

Ukivisoma vifungu hivyo vitatu kwa utulivu utaona picha moja. Mkopaji wa Torati ni mkulima ambaye mavuno yake yamekufa, amekula hata mbegu, na sasa amesimama mbele ya jirani ambaye ghala lake halijaisha. Hakuja kutafuta mtaji wa kupanua biashara. Amekuja kutafuta chakula na mbegu za msimu ujao. Riba katika hali hiyo ni faida inayotokana na njaa ya mtu, na ndiyo maana nabii Ezekieli, anapomweleza mtu mwenye haki katika sura ya 18, anaweka pamoja kutokopesha kwa riba, kumrudishia mdeni dhamana yake, kutonyang'anya na kumlisha mwenye njaa. Kwake yeye hayo yote ni ya kundi moja, na asiyeyatenda hawezi kujificha nyuma ya makubaliano ya hiari, kwa sababu mwenye njaa hukubali sharti lolote.

Hapo ndipo nakuja kwenye cherehani. Watu wengi wanaobishana kuhusu riba hawajawahi kuzisoma sheria za dhamana, ingawa Torati inazieleza kwa undani unaoshangaza. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza mtu yeyote kuchukua rehani jiwe la kusagia, hata lile la juu peke yake, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuchukua rehani uhai wa mtu. Jiwe la juu likiondolewa, la chini halisagi kitu. Nyumba nzima inalala bila mkate, na mkopeshaji aliyelishika hapati faida yoyote ya maana nalo zaidi ya uwezo wa kumtesa mwenzake mpaka alipe. Katika mistari ya 10 hadi 13 ya sura hiyohiyo mkopeshaji anaamriwa asiingie nyumbani mwa mdeni kuchukua dhamana. Atasimama nje, na mdeni mwenyewe ndiye atakayeingia ndani, achague kitu na kukitoa mlangoni. Mwenye deni anabaki kuwa mwenye nyumba yake. Kama ni maskini na alichotoa ni vazi lake, atarudishiwa jua likichwa ili apate la kujifunika usiku. Na mstari wa 17, dada yangu, unamtaja mjane waziwazi: nguo yake isichukuliwe rehani kabisa.

Cherehani ya mshonaji ni jiwe lake la kusagia. Kamati yenu imemnyang'anya njia pekee aliyokuwa nayo ya kulipa deni lenyewe, na kama wajumbe waliingia nyumbani mwake kuichukua, wamevunja amri nyingine juu ya ile ya kwanza. Sisemi hivi kwa kudhani kwamba walikuwa na nia mbaya. Nimeona mara nyingi jinsi kamati njema inavyojikuta ikitenda hivi kwa sababu kanuni iliandikwa siku ambayo hakuna aliyekuwa na shida, na siku shida ilipokuja kila mjumbe alisema kwamba anatekeleza tu kanuni. Ndiyo maana sheria za dhamana zinapaswa kuandikwa mtu akiwa na sura ya mdeni mbele yake. Andikeni kwamba kitendea kazi cha mwanachama hakiwezi kuwa dhamana, wala vyombo vya kulalia na kupikia. Wadhamini watatu wanaomfahamu mkopaji na wanaojua kazi yake ni kinga bora kwa fedha zenu kuliko ghala lililojaa vitu vya watu.

Kuhusu mfano wa talanta, mwenyekiti wako ana sehemu ndogo ya ukweli. Katika Mathayo 25:27 bwana anamwambia mtumwa aliyeifukia talanta yake ardhini kwamba angaliweza angalau kuiweka fedha kwa wafanyabiashara wa fedha, ili apate iliyo yake pamoja na faida. Mfano huo unaonyesha kwamba Yesu na wasikilizaji wake walilijua jambo hilo vizuri. Lakini mfano haufundishi sheria ya mikopo, sawa na vile mfano wa wakili dhalimu katika Luka 16 haufundishi kughushi hati za deni. Tena mtumwa anamweleza bwana wake kuwa mtu mgumu, avunaye asipopanda, na bwana anamhukumu kwa kauli yake mwenyewe. Mahali ambapo Yesu anafundisha moja kwa moja juu ya kukopesha ni Luka 6:34-35, anaposema kwamba hata wenye dhambi hukopeshana wakitarajia kurudishiwa, na kuwataka wanafunzi wake wakopeshe bila kutarajia kitu. Anayetaka kuijenga sera ya fedha ya kikundi juu ya talanta hana budi kwanza aeleze ameipeleka wapi Luka 6.

Je, basi, kanisa lilifikaje mahali pa kuruhusu riba yoyote? Historia hii inafaa uijue, kwa maana wanachama wenu watakuuliza. Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Nisea wa mwaka 325, katika kanuni ya 17, uliagiza kwamba kasisi au shemasi atakayekopesha kwa kutoza fungu la mia kila mwezi, yaani asilimia 1, au atakayedai nusu ya mkopo juu ya mkopo, aondolewe katika utumishi. Linganisha kiwango hicho na asilimia 2 zenu. Katika karne hiyohiyo Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria, alihubiri juu ya Zaburi ambayo katika Biblia zetu ni ya 15, na maelezo yake juu ya mkopeshaji bado yanauma. Mtu mwenye dhiki anakuja, mkopeshaji anakunja uso, anaapa kwamba hana hata kidogo na kwamba yeye mwenyewe anatafuta wa kumkopesha. Mara tu mwombaji anapotaja riba na dhamana, uso unafunguka, tabasamu linatokea, anakumbuka urafiki wa baba zao, na fedha iliyokuwa haipo inapatikana, eti ni amana ya rafiki mmoja. Kilichomkasirisha Basili ni kwamba ndugu mwenye shida hakuonekana mpaka alipogeuka kuwa chanzo cha faida.

Katika karne za kati katazo lilikazwa zaidi. Mtaguso wa tatu wa Laterano, mwaka 1179, uliwanyima walaji riba wanaojulikana ushirika wa meza ya Bwana na mazishi ya Kikristo. Karne iliyofuata mwanateolojia Thomas wa Akwino alitoa hoja kwamba fedha, kama divai na ngano, hutumika kwa kutoka mkononi, kwa hiyo anayedai mkopo wake na juu yake malipo ya kuutumia anauza kitu kimoja mara mbili. Hata hivyo, katika mjadala huohuo anakubali mambo mawili ambayo kwangu ndiyo ufunguo wa swali lako. La kwanza, mkopeshaji anaweza kukubaliana na mkopaji alipwe fidia ya hasara halisi aliyoipata kwa sababu ya kukopesha. La pili, anayemkabidhi mfanyabiashara au fundi fedha yake kwa njia ya ushirika anaweza kudai sehemu ya faida, kwa sababu fedha ile bado ni mali yake na, biashara ikizama, inazama pamoja na fedha yake. Tofauti kubwa basi ni hii: mshirika anabeba hasara pamoja na mwenzake, mla riba anataka faida yake hata mwenzake akiangamia.

Karne ya 15 ilileta jaribio la vitendo. Huko Italia watawa wafuasi wa Fransisko walisimamia mifuko ya kuwakopesha maskini kwa dhamana, ukiwamo ule wa Perugia wa mwaka 1462, ili kuwaokoa na wakopeshaji wakali. Mifuko hiyo ilihitaji mahali pa kufanyia kazi, karani na mlinzi, kwa hiyo ikaanza kutoza kiasi kidogo. Wanateolojia wengine walipiga kelele kwamba hiyo pia ni riba. Mabishano yaliendelea kwa miongo kadhaa, mpaka mwaka 1515 Papa Leo X, katika Mtaguso wa tano wa Laterano, alipoamua kwamba kiasi kinachofidia gharama za uendeshaji, bila kulenga faida, ni halali. Upande wa Matengenezo, yaani wa Waprotestanti wa kwanza, Martin Luther alibaki mkali dhidi ya riba mpaka mwisho wa maisha yake. John Calvin, katika barua ya mwaka 1545, alichukua njia nyingine. Aliikataa hoja kwamba fedha kwa asili haizai, akaruhusu riba, kisha akaifunga kwa masharti: asitozwe mtu aliye katika dhiki, hamu ya faida isimfanye mtu asahau kuwasaidia maskini, mkopaji naye apate faida isiyopungua ile ya mkopeshaji, kila mmoja ajipime kwa neno la Kristo la kumtendea mwenzako unavyotaka utendewe, manufaa ya jamii nzima yaangaliwe, na hata pale ambapo sheria ya nchi inaruhusu zaidi, dhamiri isichukue ruhusa hiyo kuwa ndiyo haki. Wengi wamelikumbuka neno lake la ruhusa na kuyasahau masharti yake.

Ukiiweka historia hii yote mezani, unaona kwamba Wakatoliki na Waprotestanti, waliotofautiana katika mengi, wanakutana mahali pamoja. Gharama halisi za kuendesha mfuko zinaweza kulipwa na wakopaji. Faida ya kazi iliyofanikiwa kwa mtaji wa wengine inaweza kugawanywa. Dhiki ya mtu haiwezi kuwa shamba la kuvunia. Kwa hiyo napendekeza kikundi chenu kitenganishe mikopo ya namna mbili ambayo sasa mnaichanganya. Mkopo wa kuongeza mtaji wa biashara unaweza kutozwa kiasi cha wastani. Mkopo wa ugonjwa, msiba, ada iliyokwama au chakula utolewe kutoka mfuko wa dharura bila riba, hata kama ni mdogo na unarudi polepole. Hilo ndilo Luka 6 linalodai kwa uchache, na Torati pia.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana wewe ndiye unayeshika daftari. Chukua mkopo wa 100 unaolipwa kwa miezi kumi, fungu la 10 kila mwezi. Mkitoza asilimia 2 juu ya mkopo wote wa mwanzo, mkopaji analipa riba ya 2 kila mwezi, jumla 20, ingawa mwezi wa mwisho mkononi mwake imebaki 10 tu. Mkitoza asilimia hiyohiyo juu ya salio lililobaki, analipa 2 mwezi wa kwanza, 1.8 mwezi wa pili, na kuendelea hivyo mpaka 0.2, jumla 11. Kiwango kilichoandikwa kwenye katiba ni kimoja, lakini njia ya kwanza inakaribia kumtoza maradufu. Wanachama wengi hawajui hilo, na kutoza watu wasichokielewa ni namna ya mizani ya udanganyifu ambayo Mithali 11:1 inaiita chukizo kwa Bwana. Badilisheni njia ya kukokotoa, na kila mkopaji apewe karatasi inayoonyesha atalipa kiasi gani kwa jumla kabla hajatia sahihi.

Faini ni mbaya zaidi. Deni la 100 likiongezwa asilimia 10 kila mwezi juu ya lililopita, baada ya miezi saba limefika takribani 195, na baada ya miezi minane limezidi 214. Mtu aliyeshindwa kulipa 100 kwa sababu mtoto aliugua anadaiwa mara mbili ya hapo kabla ya mwaka kwisha, na kikundi kinaandika kiasi hicho kama mapato. Weka kando swali la riba kwa jumla; hili peke yake linatosha kumfanya mtu mnyofu asilale. Faini ya kuchelewa inaweza kuwapo ili kulinda nidhamu, kwa kiasi kidogo kisichobadilika, kinachotozwa mara moja, na kisichotozwa kabisa kwa mtu aliyekuja mapema kueleza shida yake. Ambaye ana uwezo na anakataa kulipa ni jambo jingine. Huyo mnaweza kumsimamisha kukopa na kuwaita wadhamini wake. Zaburi 37:21 inamwita asiye haki yule akopaye asilipe, na kikundi kisichodai madeni yake kinawaibia wanaoweka akiba kwa uaminifu. Huruma ninayoizungumzia inamhusu aliyeshindwa kulipa.

Fanya jambo moja zaidi kabla ya mkutano wa mwaka. Katika ukurasa mmoja andika majina ya wanachama wote, na mbele ya kila jina uweke riba na faini aliyolipa mwaka mzima, kisha gawio alilopokea. Katika vikundi ambavyo gawio hufuata hisa, mara nyingi ukurasa huo unaonyesha kwamba fedha imehama kutoka kwa wale wanaokopa kila mara, ambao ndio wenye kipato kidogo, kwenda kwa wale wenye hisa nyingi ambao hawakopi. Kama ndivyo ilivyo kwenu, kikundi kimeacha kuwa cha kusaidiana bila mtu yeyote kukusudia hivyo, na hakuna hotuba itakayowaonyesha wanachama jambo hilo kama ukurasa huo utakavyowaonyesha. Sehemu ya mapato ya riba inaweza kurudishwa kwa wakopaji waliolipa vizuri, au kupelekwa moja kwa moja kwenye mfuko wa dharura kabla ya mgawanyo.

Nimefika kwenye uongozi, na hapa nakuomba usome Nehemia sura ya 5 mara mbili kabla hujakutana na kamati. Ukuta wa Yerusalemu unajengwa, adui wako nje, na ghafla kilio kinatoka ndani. Watu pamoja na wake zao wanawalilia ndugu zao Wayahudi. Wengine hawana nafaka, wengine wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wanunue chakula wakati wa njaa, wengine wamekopa ili walipe kodi ya mfalme, na tayari baadhi ya binti zao wametiwa utumwani. Nehemia anakasirika sana. Kisha anafanya jambo ambalo viongozi wenye hasira hulisahau: anashauriana na nafsi yake kwanza. Baada ya hapo anawakabili wakuu na mashehe wenyewe, anaitisha mkutano mkubwa, na mbele ya watu wote anawauliza inawezekanaje wanunue ndugu zao waliouzwa kwa mataifa halafu wao wawauze tena. Wananyamaza, hawana neno.

Angalia mstari wa 10. Nehemia anajitaja mwenyewe, ndugu zake na watumishi wake kwamba nao wamewakopesha watu fedha na nafaka, na anasema, tuiache riba hii. Hakusimama juu ya wakopeshaji kama hakimu asiyehusika. Alijihesabu pamoja nao, na hivyo hakuna aliyeweza kumwambia ajiangalie kwanza. Kisha akataka mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba zirudishwe siku ileile, pamoja na fungu la mia la fedha, nafaka, divai na mafuta. Walipokubali aliwaita makuhani, akawaapisha, na kuyakung'uta mavazi yake mbele yao kuwa onyo kwa atakayevunja neno lake. Haya yalikuwa maamuzi ya liwali wa mfalme wa Uajemi, mtu wa serikali, akisimamia mambo ya mikopo na rehani kwa kumcha Mungu. Anayesema kwamba fedha ni za katiba na mahubiri ni ya Jumapili hana budi kuifuta sura hii yote.

Sehemu inayofuata husomwa haraka, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Kwa miaka 12 Nehemia na ndugu zake hawakula chakula cha liwali, ingawa ilikuwa haki yao kisheria. Waliomtangulia walichukua chakula, divai na shekeli 40 za fedha, na hata watumishi wao waliwatawala watu kwa ukali. Yeye aliendelea na kazi ya ukuta, akaongeza kwamba hawakununua shamba lolote. Fikiria maana ya maneno hayo. Wakati wa njaa na kodi mashamba yalikuwa yakiuzwa kwa bei ya kutupa, na mtu mwenye mshahara wa ikulu na taarifa zote za nchi angeweza kumiliki nusu ya Yuda bila kuvunja sheria hata moja. Alijinyima nafasi ambayo cheo chake kilimfungulia. Kwa hiyo desturi ya kamati yenu kukopa bila kungoja zamu si jambo dogo la utaratibu. Wanaotunga masharti ya mikopo ndio wanaoyakwepa, na mjane aliyepoteza cherehani yake analijua hilo. Pendekeza kwamba wajumbe wa kamati wawe wa mwisho kwenye zamu, mikopo yao isomwe mbele ya mkutano wa wote, na mjumbe mwenye deni lililochelewa asishiriki uamuzi kuhusu deni la mwingine.

Hili halijabaki kwenye kurasa za kale tu. Friedrich Wilhelm Raiffeisen, Mprotestanti aliyekuwa meya katika vijiji vya Ujerumani katikati ya karne ya 19, alianza kwa kuwachangisha matajiri ili kuwasaidia wakulima waliobanwa na wakopeshaji. Aliona kwamba ukarimu wa matajiri unachoka, ndipo mwaka 1864, huko Heddesdorf, akaanzisha chama ambacho wakopaji wenyewe ndio wanachama, wanadhaminiana na kufahamiana kwa kuwa wanaishi karibu. Viongozi walitumikia bila malipo, isipokuwa mtunza hesabu peke yake, na ziada iliwekwa kwenye akiba ya pamoja isiyogawanywa. Vyama vya kuweka na kukopa vilivyoenea duniani kote vina deni kubwa kwake, na hata kikundi chenu, kwa njia ndefu, ni mjukuu wa wazo hilo. Ikiwa wanachama watasema kwamba mkopo wenye huruma hauwezi kusimama, huo ndio ushahidi wa kinyume.

Umeuliza pia, kwa maneno machache, kama Mkristo anapaswa kujihusisha na sheria za nchi kuhusu riba au ashughulikie kikundi chake tu. Warumi 13:4 inamwita mwenye mamlaka mtumishi wa Mungu kwa ajili ya wema wako, na kama ni mtumishi anaweza kukumbushwa kazi yake. Ukomo wa riba katika sheria, wajibu wa kumweleza mkopaji gharama yote, na katazo la kutwaa vitendea kazi ni mambo ambayo waumini wanaweza kuyadai kwa kura, kwa barua kwa wabunge wao, na kwa kushirikiana na wananchi wa imani nyingine wanaoyatamani hayohayo. Makanisa yaliwahi kufanya hivyo hata kwa madeni ya mataifa. Kampeni iliyoitwa Jubilee 2000 ilichukua jina na wazo lake kutoka mwaka wa yubile wa Walawi 25, na mwezi Mei 1998 watu takribani 70,000 walishikana mikono kuzunguka katikati ya jiji la Birmingham, Uingereza, walikokutana wakuu wa nchi tajiri, wakidai nchi maskini zifutiwe madeni. Sehemu kubwa ya madeni hayo ilifutwa katika miaka iliyofuata. Lakini sauti ya waumini kwa serikali hupotea nguvu pale ambapo daftari la usharika wenyewe linafanana na la mkopeshaji mkali, ndiyo maana nimetumia maneno mengi zaidi kwa kikundi chako.

Swali lako la mwisho ni kama ujiondoe. Ningekushauri usifanye hivyo sasa. Mweka hazina anayeondoka anaondoka na uwezo wa kuuonyesha mkutano ule ukurasa wa hesabu, na anayekuja baada yako huenda asiuandike. Mwone mwenyekiti kwanza, ninyi wawili tu, kwa utaratibu wa Mathayo 18:15, mkiwa na vifungu vya dhamana na hesabu ya faini mbele yenu. Asiposikia, mchukue mjumbe mwingine mmoja au wawili. Akikataa tena, omba mambo haya matatu yaingizwe kwenye ajenda ya mkutano wa wanachama wote: kurudisha cherehani, kufuta faini zilizolimbikizwa, na kubadilisha njia ya kukokotoa riba. Hakikisha maombi yako yameandikwa kwenye kumbukumbu za kikao pamoja na majibu yaliyotolewa. Mpaka hapo bado unatumika. Ukifika wakati unatakiwa kutia sahihi yako kwenye karatasi ya kutwaa kitendea kazi cha mtu mwingine, usitie, hata kama kanuni inakutaka, na ueleze sababu kwa sauti mbele ya wajumbe. Ikiwa kwa hilo watakuondoa, waache wao ndio wakuondoe, ukiwa umekabidhi daftari likiwa limefungwa vizuri na kila senti ikiwa mahali pake.